Unafanya mazoezi nyumbani na mwili haujengeki: tafuta kasoro ilipo

Anayekuja kuniuliza kuhusu mazoezi ya nyumbani huwa ameshaamua tatizo lake ni nini: anataka zoezi jipya. Mimi humwomba kwanza apige seti moja ya pushapu, yaani mfululizo mmoja bila kupumzika, palepale uani, nami nahesabu. Mara nyingi jibu liko kwenye zile tano za mwisho. Ama hazikumchosha hata kidogo, ameacha kwa sababu namba aliyojipangia imefika. Ama kiuno kilishalegea tangu ya nane, na zilizofuata ni kichwa tu kinachopanda na kushuka.

Vifaa ninavyovizungumzia hapa ni vya kawaida: madumu mawili ya lita 5, dumu moja la lita 20, begi la shule lenye mikanda imara, tyubu ya baiskeli ambayo fundi ameshaikatia tamaa, stuli mbili na mahali pa kuning'inia. Nilianza na hivyo kwenye chumba kimoja cha kupanga, kitanda kimesukumwa ukutani ili nipate nafasi ya kulala chini. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 ni kilo 5. Ukilijaza mchanga mkavu, dumu lilelile linakaribia kilo 8. Dumu la lita 5 la maji lijaze hadi mdomoni, maana likiwa nusu maji yanakwenda huku na huku na mkono unayumba. Na mkono wa dumu unakata vidole, hivyo uzungushie kipande cha kanga kuukuu, ukifunge kwa nguvu. Nimeona vijana wengi wakiacha zoezi zuri la mgongo kwa sababu ya vidole kuuma, mgongo haujachoka bado.

Sasa tuingie kwenye dalili zenyewe. Tafuta yako.

"Nimefika pushapu 40 na kifua kiko vilevile"

Hii naisikia kuliko zote. Chanzo ni kwamba zoezi limekuwa jepesi. Kwenye pushapu ya kawaida unasukuma karibu theluthi mbili ya uzito wako; mtu wa kilo 60 anasukuma kama kilo 38. Siku ya kwanza huo ni mzigo mzito. Ukishazipiga 40 mfululizo, unajenga pumzi na ustahimilivu zaidi kuliko misuli.

Misuli hukua kwa mzigo mzito na hata kwa mzigo wa wastani, seti za mara 5 hadi mara 30, ila sharti ni moja: seti iishe ukiwa umebakiza mara moja hadi tatu kabla mwili haujakataa. Anayeishia 20 wakati angeweza 35 ameondoka kabla kazi haijaanza. Ndiyo maana nawaambia watu wachague siku moja wakiwa wamepumzika, wapige mpaka mwili ukatae kwelikweli, waandike namba hiyo. Bila kuijua huwezi kukisia umebakiza ngapi.

Ukishaijua, lifanye zoezi kuwa zito. Anza na kasi. Shuka kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, kifua kiguse sakafu, tulia kidogo, kisha panda. Aliyekuwa akipiga 40 za haraka huishia 15 au 18 akifanya hivi, na huamka kesho yake akisikia kifua ambacho hajawahi kukisikia. Baada ya hapo pandisha miguu kitandani. Miguu ikiwa juu kiasi cha sentimita 60, mzigo unafika karibu robo tatu ya uzito wako. Kisha lete begi: tia ndani mchele au mchanga kilo 5, livae likae juu kati ya mabega. Likiteleza kuelekea shingoni, lifunge kwa kanga ipite kifuani. Ukitaka kushuka zaidi, weka kila mkono juu ya tofali, kifua kipite katikati.

Usifanye yote kwa siku moja. Badilisha kitu kimoja, kaa nacho wiki mbili, na andika kwenye daftari. Ukurasa wangu mmoja unasomeka hivi: "Jumatatu. Miguu kitandani, begi kilo 5. 11, 9, 8." Jumatano yake: "12, 9, 8." Rudio moja tu limeongezeka, na ndiyo hatua yenyewe. Seti zote zikifika 15, ongeza kilo 2 na urudi kwenye 10. Asiye na daftari hujiona anajituma, na baada ya miezi mitatu bado yuko kwenye 40 zake.

Na asiyeweza hata moja? Hana kasoro, anahitaji kuanzia juu. Pushapu za ukutani, kisha za mezani, kisha za ukingo wa kitanda, kisha sakafu. Kadiri mikono inavyoshuka ndivyo mzigo unavyoongezeka. Napenda njia hii kuliko ya kupiga magoti, kwa sababu mwili unajifunza kunyooka tangu mwanzo kutoka kisigino hadi kisogo. Nimewaona kina dada watatu wakitoka kwenye meza hadi sakafuni kwa namna hiyo, hakuna aliyeruka hatua.

"Wiki ya tatu sasa, kwenye kioo sioni kitu"

Hakuna kilichoharibika. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli uliyonayo tayari. Unene wa kuonekana kwa macho huchukua wiki 8 hadi 12 kwa wengi. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kifua, mkono wa juu na paja asubuhi kabla ya mazoezi, kisha rudia baada ya wiki 4. Kioo unakiangalia kila siku, kwa hiyo hakiwezi kukuonyesha mabadiliko ya milimita.

"Mbele nimejaa, nyuma sina kitu, na mabega yanaelekea mbele"

Nyumbani kusukuma ni rahisi: sakafu ipo. Kuvuta kunahitaji kitu cha kuvuta, basi watu huacha kuvuta. Miezi sita ya pushapu bila kuvuta hukuachia kifua bila mgongo wa kukibeba.

Njia ya kwanza ni dumu. Weka mkono mmoja na goti moja juu ya kitanda, mgongo ulale sawa kama meza, mkono mwingine ushike dumu chini. Vuta ukilielekeza kwenye mfuko wa suruali. Wengi hulivuta kuelekea kifuani, na hapo kazi inakwenda mkononi na begani. Ukilipeleka mfukoni utasikia ubavu, chini ya kwapa, ukikaza. Dumu la maji lita 5 utalizoea ndani ya wiki mbili. Litie mchanga, kisha hamia la lita 20 ukiliongezea maji kidogo kidogo.

Njia ya pili ni tyubu. Ikate pale inapojazwa upepo, uizungushe kwenye nondo ya dirisha, lakini itikise nondo kwanza kwa mikono miwili uone kama imechomelewa vizuri. Vuta ncha mbili kuelekea usoni, viwiko vikiwa juu, mpaka ngumi zifike masikioni. Mara 15 hadi 20, seti tatu. Zoezi hili ndilo linalokamata nyuma ya bega, na kwa watu wanaoshinda kwenye mashine ya kushona, kwenye kompyuta au kwenye usukani wa bodaboda nalipatia uzito sawa na pushapu.

Njia ya tatu ni kujivuta kwa kuning'inia, na hapa nataka usome polepole. Mwaka wangu wa kwanza nilipitisha bomba la chuma kwenye matundu ya hewa juu ya mlango. Lilishika siku nne. Siku ya tano, nikiwa kwenye ya sita, plasta ikamomonyoka upande mmoja na nikaanguka chali kwenye sakafu ya saruji. Nilikaa siku 9 siwezi kuinama kuchota maji. Bomba lenyewe halikupinda. Ukuta ndio ulioachia. Basi popote utakapochagua, kwanza ning'inia miguu ikiwa bado inagusa chini, ongeza uzito taratibu, sikiliza. Tawi la mwembe nene kama paja lako ni salama kuliko fremu nyingi za milango. Mwamba wa goli uwanjani nao unafaa, ule wa goli la kawaida uko mita 2.44 juu, ila liwe goli lililosimikwa kwa zege. Goli la kuhamishika huweza kupinduka na kukuangukia, na ajali za namna hiyo zimeua watu.

Kama huwezi kujivuta hata mara moja, panda juu ya stuli kidevu kikiwa tayari juu ya bomba, ondoa miguu, kisha shuka ukihesabu hadi tano. Mara tatu hadi tano kwa seti zinatosha. Kushuka polepole kunajenga nguvu ya kupanda.

"Naumia, niache au niendelee?"

Inategemea panauma wapi na lini. Maumivu ya misuli yenyewe, yanayoanza kesho yake na kuzidi siku ya pili, kisha kupungua, ni ya kawaida kwa anayeanza. Ukitembea kidogo yanalegea. Maumivu ya kwenye kiungo, yanayochoma wakati ule ule unafanya zoezi, au upande mmoja tu, ni habari nyingine.

Bega likichoma kwenye pushapu, tazama viwiko. Kama vimetanuka hadi mwili umekuwa msalaba, virudishe karibu na mbavu ili mikono na kiwiliwili vifanye umbo la mshale. Kifundo cha mkono kikiuma, piga pushapu kwa ngumi juu ya taulo lililokunjwa. Kiwiko kikiuma kwa ndani, mara nyingi umezidisha kuning'inia. Punguza nusu kwa wiki mbili. Kiuno kikikamata baada ya kuinua dumu la lita 20, ulipinda mgongo: sukuma makalio nyuma kwanza, dumu lipite karibu kabisa na miguu.

Kuna dalili moja ambayo sitaki uipime kwa busara yako. Mtu hajawahi kufanya mazoezi, siku ya kwanza anashindana na wenzake skwati (kuchuchumaa na kuinuka) 300 au pushapu 200. Siku ya pili misuli imevimba, imekuwa migumu, maumivu yamepita kiasi, na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Misuli imevunjika na vilivyomo ndani yake vimeingia kwenye damu, na figo zinaweza kufeli. Asimeze diklofenaki ya kutuliza maumivu akalala, dawa za jamii hiyo huzidi kuumiza figo. Anayeanza apige seti mbili za kila zoezi wiki ya kwanza, aende nyumbani akiona kama hajafanya kitu.

Maumivu ya kifua yanayobana au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, acha mazoezi na umwone daktari.

"Nafanya kila kitu sawa, lakini kilo haipandi"

Nikisikia hivi namwambia mtu anitajie alichokula jana, tangu chai. Jibu la kawaida: chai ya rangi na maandazi mawili, wali na mchuzi mchana, ugali na mboga za majani usiku. Tumbo limejaa kweli, ila vifaa vya ujenzi havijaletwa.

Kwa anayejenga misuli, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku ni kipimo kizuri. Mtu wa kilo 60 anahitaji kama gramu 96. Inatisha mpaka uihesabu kwa chakula cha sokoni. Mayai mawili, gramu 12. Kikombe cha maziwa, gramu 8. Maharage yaliyopikwa vikombe viwili mchana, karibu 30, na wali wake kama 8. Dagaa wakavu gramu 50 usiku, zinakaribia 30. Karanga gramu 50, konzi mbili hivi, 12. Umefika 100 kabla hujahesabu ugali. Hakuna nyama hapo. Dagaa wakavu ndio ninaowatetea kuliko chakula kingine chochote: waoshe kwa maji ya moto mchanga utoke, wakaange na kitunguu na nyanya, na ule mchuzi usimwage.

Protini ikiwepo na bado uzito umesimama, basi chakula chote kwa jumla ni kidogo. Hasa kwa anayecheza mpira kila jioni au anayebeba mizigo kutwa. Mtu wa namna hii akishaambiwa "kula zaidi" anaongeza ugali mpaka anashindwa kupumua. Ni rahisi zaidi kunywa: uji mzito wenye maziwa na karanga zilizosagwa, kikombe kikubwa asubuhi na kingine kabla ya kulala. Ongeza parachichi kwenye mlo. Jipime mara moja kwa wiki, mzani uleule, asubuhi kabla ya chai. Nusu kilo hadi kilo moja kwa mwezi ni mwendo mzuri. Ukipanda kilo 4 kwa mwezi, nyingi ni mafuta na maji.

Kwa wanaofunga Ramadhani, mazoezi yafanyike dakika 90 hivi baada ya kufuturu, chakula kikishashuka, na daku iwe na mayai au maharage. Punguza seti, usipunguze uzito.

"Miguu haibadiliki hata nikipiga skwati 100"

Ugonjwa uleule wa pushapu 40. Hamia mguu mmoja mmoja: mguu wa nyuma uweke juu ya stuli, wa mbele ubebe mwili, shuka mpaka goti la nyuma likaribie sakafu. Ukiweza 12 kila upande, kumbatia dumu la lita 20 kifuani. Kwa nyuma ya paja, lala chali kwenye sakafu laini, visigino juu ya kitambaa, inua makalio, telezesha miguu mbali kisha uivute irudi. Mashavu ya miguu yanataka ngazi na subira.

"Tumbo halipungui"

Kuinuka na kulala mara 200 hakuchomi mafuta ya tumboni, kunachosha misuli iliyo chini yake. Mafuta hupungua mwili mzima unapokula pungufu ya unachotumia, na kila mwili huchagua wapi paanze. Soda mbili kwa siku ukiziacha zitakusaidia kuliko seti nne za tumbo.

"Mwanzo nguvu ziliongezeka, sasa zinashuka"

Angalia daftari. Namba zikishuka mara tatu mfululizo, kwa kawaida unapiga kifua kila siku, au unapata usingizi wa saa 5 tu. Misuli hujengeka wakati umepumzika. Siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, mwili mzima, seti tatu au nne kwa kila kundi la misuli, zinamtosha anayeanza kwa miezi mingi. Kati ya seti pumzika dakika 2, kwa saa, bila kukisia. Usiku tafuta usingizi wa saa 7 au 8. Najua wapangaji wenzetu wana redio, na wapo wanaorudi kazini usiku wa manane. Kama usingizi wa usiku umekatika, kulala kwa saa moja mchana ni bora kuliko seti ya tano.

"Rafiki ameninunulia vidonge vya kunenepa"

Hapa ninasema kwa uchungu, kwa sababu nimeona nyuso zikivimba. Vidonge vinavyouzwa vichochoroni kwa kazi hii mara nyingi ni deksamethasoni au siproheptadini. Deksamethasoni inajaza uso maji na mafuta, inapandisha sukari na shinikizo la damu, na misuli yenyewe inaila. Aliyeitumia kwa muda mrefu asiiache ghafla bila daktari, kwa maana mwili umeshasahau kutengeneza homoni yake na kukatiza ghafla ni hatari. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Hakuna hata kimoja kinachojenga kifua.

Poda ya protini ni chakula tu, mwenye dagaa na mayai haihitaji. Kriatini, kirutubisho kinachouzwa kwa wanamichezo, gramu 3 hadi 5 kwa siku, inasaidia kweli, lakini kidogo, na mwenye tatizo la figo asiiguse bila kumwuliza daktari. Fedha ya kwanza ipeleke kwenye trei ya mayai.

"Niliugua malaria, nimesimama wiki nne, kila kitu kimepotea"

Kilichopotea kinarudi haraka kuliko kilivyokuja mara ya kwanza. Misuli iliyowahi kujengwa haianzi upya kabisa. Subiri homa iishe na hamu ya kula irudi. Siku ya kwanza piga nusu ya seti zako za zamani, toa mchanga kwenye dumu urudishe maji, na ubakize mara tano badala ya mbili. Fungua ukurasa mpya wa daftari, andika tarehe. Kijana mmoja wa uani kwetu alirudi mwezi uliopita na pushapu 6. Jana, wiki ya tatu, ameandika 10, 9, 8, miguu ikiwa kitandani.